Laivu Iliyofutwa

Damu ilikuwa imeruka mpaka darini.

Inspekta Teodora Shigela alisimama katikati ya chumba, kichwa amekiinua, mikono ameifunga mgongoni asije akagusa kitu. Matone yalikuwa yamejipanga kwenye ubao wa dari kwa mistari iliyopinda. Chini, karibu na mguu wa kitanda, pasi ya mkaa ilikuwa imelala ubavu. Majivu yalikuwa yamemwagika sakafuni yakaloa, na kwenye ncha ya ile pasi zilikuwa zimenasa nywele za rasta.

"Pigo moja halipeleki damu juu," alisema. "Silaha inashuka, inaloa, inapanda, ndipo inarusha. Huyu aliendelea kupigwa hata baada ya kuanguka."

Koplo Paulo, ambaye alikuwa amekula chapati njiani na sasa anajuta, aliangalia mlangoni. "Kwa hiyo siyo mwizi, afande?"

"Mwizi anapiga ili akimbie. Huyu alipiga ili amalize."

Chumba kilikuwa cha kupanga, Mabatini, nyuma ya safu ya maduka ya nguo na simu. Aliyekipanga alikuwa Queen Chenge, ambaye nusu ya Mwanza ilimjua kwa jina la Queen wa Ziwa. Kazi yake ilikuwa kurusha laivu mtandaoni. Alizunguka mialo ya wavuvi na visiwa, akakaa na akina mama wanaoanika dagaa, akapanda mitumbwi, akala ugali na watu asiowajua, huku maelfu wakimtazama kwenye simu zao na kucheka naye. Tangu jana jioni alikuwa hospitali, taya limevunjika, fuvu limepasuka, hajafumbua macho.

Teodora alizunguka taratibu. Televisheni ilikuwepo. Hereni za dhahabu zilikuwepo kwenye kisahani. Taa ya duara ya kupigia picha ilikuwa imeangushwa na kupasuka. Mezani kulikuwa na waya wa kuchajia kompyuta, umechomekwa ukutani, na ncha yake ya pili imening'inia bila kitu.

"Simu hakuna, kompyuta hakuna, dhahabu imeachwa," alisema. "Alichotaka kilikuwa ndani ya hivyo viwili."

Jirani wa chumba cha pili, fundi cherehani aitwaye Gladness, alikuwa amekaa koridoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, pindo la kanga ameliuma mdomoni.

"Nilisikia vitu vinaanguka," alisema. "Nikajua anapanga vyombo vyake vya laivu, maana kwake kila siku ni kelele. Mara umeme ukakatika. Nikaja kuomba kiberiti. Nabisha hodi, kimya. Nasukuma mlango, namulika na simu, namwona Jonathan kampakata, damu tupu. Akapiga yowe, 'Dada Gladness, wameniulia Queen!'"

"Jonathan ndiye nani?"

"Si mpiga picha wake? Anayemshikia simu akiwa laivu. Alimbeba mwenyewe mpaka kwenye bajaji, maskini. Shati lote jekundu, begi lake mgongoni, anakimbia analia."

"Ulimwona mtu mwingine akitoka?"

"Giza lilikuwa limeingia, afande. Na hapa Mabatini nani anamwangalia nani?"

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

Gladness hakuhitaji kufikiri. "Bashiru. Mji mzima unajua."

Mji mzima ulijua kwa sababu mji mzima ulikuwa na klipu. Paulo aliipata kabla hawajafika kituoni; shemeji yake alikuwa ameshamtumia. Ilimwonyesha Bashiru, fundi simu wa Mabatini mwenye akaunti yake ya vichekesho, akiwa laivu pamoja na Queen, kila mmoja kwenye nusu yake ya skrini. Bashiru alikuwa amesogeza uso karibu mpaka pua ikajaa kioo. "Nitakuvunja hilo taya, Queen. Nakuapia, nitalivunja."

"Na taya limevunjika," Paulo alisema.

"Hii imekatwa. Haina mwanzo wala mwisho. Nataka laivu nzima."

Kituoni walikaa mbele ya kompyuta, Paulo akafungua ukurasa wa Queen. Laivu zake za zamani zilikuwa zimejipanga kuanzia ya juzi kurudi nyuma.

"Zote anaziacha hapa?" Teodora aliuliza.

"Mwenyewe akitaka zinabaki, asipotaka zinapotea. Hawa wanazirudia baadaye, wanatafuta kipande kizuri, wanakikata, wanakirusha upya. Ndiyo shamba lao hilo, afande. Wanavuna mara mbili."

Alikuwa anateremsha ukurasa kutafuta ile ya ugomvi. Kidole chake kilisimama kwenye picha moja ya maji na mawe, akabonyeza kwa bahati mbaya. Skrini ikawa nyeusi. Katikati pakatokea maneno: *Video hii haipatikani tena.*

"Mtandao," Paulo alisema.

"Rudi nyuma."

Alirudi. Ile picha ya maji haikuwepo. Mahali pake palikuwa pamezibwa na laivu iliyofuata, kama vile haijawahi kuwepo.

Teodora aliinuka kwenye kiti. "Queen amelala hospitali hajitambui. Nani anafuta?"

"Aliyechukua simu." Paulo aliinyooshea skrini kidole. "Sasa hivi, afande. Tukiwa tunaangalia."

"Ilikuwa ya wapi?"

"Sikuwahi kusoma. Niliona maji tu."

Maji! Ukurasa mzima ulikuwa maji. "Hifadhi zilizobaki," Teodora alisema. "Usitazame hata moja, hifadhi kwanza. Huyu akiamua kuzifuta zote, atukute tunazo."

Alikuwa bado anasema hivyo redio ya kituo ilipokoroma. Askari wa doria alikuwa anahema. Wananchi walikuwa wamemkamata Bashiru dukani kwake. Walikuwa na tairi.

Gari halikuweza kupita kwenye umati. Teodora alishuka akakata kwa mabega, askari wawili nyuma yake. Duka la Bashiru lilikuwa limeng'olewa mlango. Vioo vya simu vilisagika chini ya miguu kama changarawe. Mwenyewe alikuwa amepigishwa magoti kwenye mtaro. Jicho moja lilikuwa limefura likafunga. Damu ilimchuruzika kutoka mdomoni mpaka kifuani, na tairi la pikipiki lilikuwa shingoni limembana mikono. Jiwe lilitoka nyuma likamgonga kisogoni, akaanguka mbele, akainuliwa kwa masikio.

"Mvunjeni na yeye taya!" mwanamke mmoja alipiga kelele. Mwanaume akampiga Bashiru teke la mdomo.

Kila aliyekosa jiwe alikuwa ameshika simu juu. Walikuwa wanarusha laivu.

Mtu mmoja mwenye chupa ya petroli alikuwa ameshaanza kummwagia. Teodora alitoa bastola akapiga risasi juu. Umati uliinama kama majani yaliyopigwa na upepo, lakini mwenye chupa hakuinama. Alikuwa anatafuta kiberiti mfukoni kwa mkono wa pili. Teodora alimfikia, akampiga kiganja cha mkono kwa kitako cha bastola. Mfupa ulilia. Chupa ilianguka ikapasuka.

"Anayetaka kuwasha, awashe!" alisema, naye petroli imemwagikia viatu. "Washa tuungue wote. Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Askari wakalivua tairi, wakamburuta Bashiru mpaka garini. Njia nzima alitema meno.

Walimwosha uso, daktari akamshona mdomo, kisha akaletwa chumba cha mahojiano, blanketi mabegani. Alinuka petroli. Teodora aliwasha kinasa sauti.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Laivu."

"Laivu inaweza kurekodiwa mapema ikarushwa baadaye."

"Umeme ulikatika nikiwa hewani." Aliongea kwa upande mmoja wa mdomo. "Nikawasha tochi. Nikasoma komenti za watu wa mtaani, nao wanalalamika giza. Angalieni."

Paulo aliitafuta, akaisogeza mbele. Ikaonekana: Bashiru amekaa dukani anatania watu, ghafla picha ikafifia, akacheka, akawasha tochi ya simu nyingine, akaanza kuwajibu watu kwa majina. Alikuwa ameanza kabla giza halijaingia, na hakuondoka kwenye kiti. Teodora alikumbuka maneno ya Gladness. Umeme ulipokatika, Queen alikuwa ameshapigwa na damu bado mbichi. Mikono ya Bashiru wakati huo ilikuwa inaonekana na watu wote hao.

"Na hili la kuvunja taya?"

Bashiru alitaka kucheka, nyuzi zikamvuta. "Tulilipanga, afande. Ugomvi unaleta watazamaji. Mimi natukana kwangu, yeye anajibu kwake, watu wanahama huku na huku. Laivu ile ikiendelea mbele anasema, 'Ukishanivunja niletee uji.' Tukacheka wote. Aliyekata klipu amekata na kicheko."

Paulo aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshaihifadhi ile laivu nzima na kicheko kilikuwemo.

"Queen ni rafiki yangu," Bashiru alisema. "Mniue kwa lingine, siyo kwa hilo."

"Kuna laivu yake imefutwa leo asubuhi. Ya majini."

Jicho lake lililobaki lilifunguka. "Ya Igombe?"

"Kwa nini unataja Igombe?"

"Nipeni simu yangu."

Simu ilikuwa imepasuka kioo lakini ilikuwa hai. Bashiru alitafuta ujumbe wa sauti, akaubonyeza kwa kidole kilichovimba. Sauti ya Queen ilijaa chumbani, ya chini, bila mzaha wake uliozoeleka.

*"Bashi, ile laivu ya Igombe unayo kwako? Usiifute. Nilikuwa nairudia nikate kipande cha akina mama wa dagaa, nimeona kitu nyuma yangu. Wiki zote hizi kilikuwa pale, watu wameangalia, na mimi nimeangalia, hakuna aliyeona. Kuna mtu nataka nimuulize kwanza. Nitakwambia."*

"Aliituma lini?"

"Jana mchana."

"Na unayo?"

"Zote ninazo. Yeye mvivu wa kuhifadhi, anasema ukurasa wake ndiyo kabati lake. Mimi kila akimaliza nairekodi naiweka kwenye diski. Iko nyumbani kwa mama Zakia, mama yangu, kabati la vyombo. Dukani wangeikanyaga."

Paulo alikwenda akarudi nayo. Wakafunga mlango.

Laivu ilianza na vicheko. Mwalo wa Igombe, jua kali, dagaa wametandazwa kwenye mchanga wakimetameta. Queen alikuwa amejifunga kanga kiunoni, anawageuza dagaa kwa reki na kuimba pamoja na akina mama. Picha ilitembea naye, kwa sababu aliyeishika simu alitembea naye. Mara kwa mara sauti ya huyo mtu ilisikika karibu. Ilikuwa ya kijana mpole, "Geuka huku, Queen. Mama, sogea kidogo."

"Huyo ndiye Jonathan," Bashiru alisema.

Baadaye kidogo sauti ile ilisema, "Naiweka kwenye stendi, nakuja," na picha ikatulia. Queen aliendelea. Kwa kuwa Bashiru alikuwa amerekodi skrini yenyewe, kila kitu kilikuwepo: komenti zilizopanda moja baada ya nyingine, na mioyo myekundu iliyoelea kutoka chini kwenda juu kila mtazamaji alipobonyeza kupenda.

"Msimwangalie Queen," Teodora alisema. "Mwangalieni nyuma yake."

Nyuma yake, kushoto, kulikuwa na mawe mawili makubwa na mwanya katikati, na mwanyani maji. Watu wawili walikuwa wamesimama hapo, wadogo kama kidole. Mmoja alikuwa anaongea kwa mikono. Mwingine, mwenye fulana ya njano, aliinama kwenye mtumbwi, akainuka na kasia.

Pigo la kwanza lilimpata yule mtu upande wa shingo. Alikwenda chini kwa goti moja, akainua mkono kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Pigo la pili liliuvunja ule mkono. Queen alikuwa anasema kuwa dagaa wa Igombe hawana mchanga kabisa. Kasia likashuka tena, na tena, na tena, hata pale yule mtu alipokuwa hatikisiki, na mioyo myekundu ikaendelea kupanda juu ya skrini, ikipita mbele ya mauaji, mmoja baada ya mwingine. Akina mama walikuwa wanaimba. Hakuna aliyegeuka. Mwenye fulana ya njano alimshika mwenzake miguu, akamburuta akipita kati ya mawe, akaingia naye majini mpaka kiunoni.

Paulo alifunika mdomo. Bashiru alikuwa amefumba jicho lake moja.

"Endelea," Teodora alisema.

Mwanya wa mawe ulibaki na maji tu. Queen alisoma komenti, akamsalimia mtu wa Geita. Kisha akaangalia kando ya kamera, akaangua kicheko.

"He! Jona, umeoga na suruali?"

"Nimeteleza kwenye mawe," ile sauti ya upole ilijibu, inahema. Mkono ulikuja kuitoa simu kwenye stendi. Kwa kufumba na kufumbua, kabla picha haijageuka, mkono wa fulana ulionekana. Ulikuwa wa njano, umeloa mpaka kwapani.

Teodora alisimamisha picha hapo.

"Ndiyo maana hakuna aliyemwona akitoka," alisema. "Hakutoka. Gladness alipobisha hodi, alikuwa bado mle ndani, pasi mkononi. Akaitupa pasi, akampakata, akalia. Shati lilikuwa na damu, lakini nani atamuuliza mtu aliyebeba majeruhi kuhusu damu? Na begi mgongoni. Simu na kompyuta zilipita mbele ya mtaa mzima."

"Na yuko wapi sasa?" Bashiru aliuliza.

Paulo aligeuka taratibu. "Hospitali, afande. Yeye na Rose, dada yake Queen, wanapokezana kumuuguza."

Teodora alikuwa ameshapiga simu. Rose aliipokea haraka.

"Shikamoo, afande. Amefumbua macho! Sasa hivi! Daktari ameniandikia dawa, niko dirishani nasubiri."

"Nani yuko naye?"

"Jonathan. Ameniambia niende tu, yeye atamwangalia."

Hospitali, askari aliyelinda mlango, ambaye njia nzima simu yake haikupokelewa, alipiga saluti. Aliyekuwa ndani ni yule yule aliyemleta mgonjwa, alisema. Kijana mwema, ameomba afunge mlango mgonjwa apumzike. Teodora aliupiga teke kwenye kitasa.

Jonathan alikuwa amepanda goti moja kitandani. Mto ulikuwa juu ya uso wa Queen na kiwiko chake kilikuwa juu ya mto, uzito wote wa mwili umelalia hapo. Mguu wa Queen ulikuwa unapiga shuka, pigo dogo, pigo dogo, kisha ukaacha.

Teodora alimrukia. Walianguka wote pamoja na meza ya dawa, vioo vikapasuka. Jonathan alikuwa mwepesi kuliko alivyoonekana. Aliinuka kwanza, akang'oa chuma cha kutundikia dripu, akakishusha. Teodora aliinua mkono wa kushoto, akasikia mfupa wake mwenyewe ukikatika, sauti kavu kama kuni. Bastola ilimtoka ikateleza chini ya kitanda. Chuma kikapanda tena. Ndivyo alivyompiga yule wa Igombe, ndivyo alivyompiga Queen: hakukasirika, hakutukana, alipiga kama mtu anayepasua kuni za jioni.

"Lala chini, mama," alisema kwa upole ule ule wa kwenye laivu. "Lala tu."

Teodora alimpiga teke la goti, kwa kisigino, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Goti liliingia ndani. Jonathan alipiga yowe, na chuma kikampita Teodora sikioni, kikagonga sakafu. Paulo alikuwa ameshaingia. Alimshika Jonathan kola na mkanda, akambamiza uso kwenye ukingo wa sinki, mara ya kwanza akatulia, mara ya pili hakukuwa na sababu.

"Inatosha!" Teodora alisema. "Paulo! Inatosha."

Alijiburuta mpaka kitandani akautupa mto. Uso wa Queen ulikuwa umepauka kama majivu, bandeji za taya zimelowa. Muuguzi alimsukuma kando, akaanza kumkandamiza kifua na kumpa hewa. Wote walisimama wakimtazama, hata Jonathan aliyekuwa anatoa damu puani. Kisha kifua cha Queen kikapanda chenyewe. Alikohoa. Macho yake yalizunguka chumba, yakamkuta Jonathan, yakabaki hapo. Hakuweza kuongea. Aliinua kidole kimoja kutoka kwenye shuka akamwonyesha.

Ndani ya begi la Jonathan walikuta simu na kompyuta ya Queen.

Alikataa kila kitu mpaka Teodora, mkono ukiwa kwenye plasta, alipomwekea ile laivu mezani. Aliitazama yote. Mioyo myekundu ilipoanza kupanda aliomba maji.

"Nilidhani nimeifuta," alisema.

"Uliifuta. Yule uliyekuwa unampiga kwa kasia ni nani?"

"Antoni. Wa Kisesa."

Teodora alilijua jina. Mwili wa Antoni ulikuwa umeopolewa na wavuvi majuma machache nyuma, umeliwa na samaki usoni. Jalada lilisema kijana alilewa akazama, na mtu wa mwisho kumwona, aliyesema alimwacha amelewa, alikuwa ameandikwa kwa jina la Jonathan Yakobo.

"Alikukosea nini?"

"Tulikuwa tunaiba mashine za mitumbwi, mimi na yeye. Usiku mmoja mvuvi aligoma kuachia, nikamsukuma majini. Hakujua kuogelea. Tulinyamaza. Halafu Antoni akaokoka." Alilitamka neno hilo kama jina la ugonjwa. "Akanifuata Igombe. Akasema hawezi kula wala kulala, anataka kwenda polisi kutubu. Nikamwambia atubu peke yake. Akasema toba yake ina majina mawili."

"Na Queen?"

Jonathan aliangalia mikono yake. "Aliniita akanionyesha. Hakunituhumu, afande. Aliniuliza tu, 'Jona, huyu siyo wewe, eti?' Alitaka niseme siyo mimi. Pasi ilikuwa karibu."

Teodora alizima kinasa sauti, akamwambia Paulo ampeleke mahabusu.

Jumapili iliyofuata alikwenda Kisesa, ingawa hakuna aliyemtuma. Nyumba ya mama yake Antoni ilikuwa nyuma ya barabara kuu, ua umefagiwa. Mama mwenyewe alikuwa anachambua mchele peke yake, huku majirani wakipita kutoka kanisani na nguo zao nzuri bila kusimama.

"Mwangaluka, mayu," Teodora alimsalimia kwa Kisukuma, akakaa chini kwenye mkeka bila kungoja kiti. Alimwambia yote pole pole: mwalo, kasia, Jonathan, na sababu. Hakumficha kitu isipokuwa idadi ya mapigo.

Mama hakulia. Aliendelea kushika ungo, vidole vimetulia juu ya mchele.

"Waliniambia alilewa," alisema. "Mchungaji hakuja kumzika. Alisema mtu akiokoka akarudia pombe akafa nayo, yeye hana maneno ya kusema. Tulimzika wenyewe, mimi na shemeji zangu, bila wimbo. Tangu siku hiyo sikanyagi kanisani." Aliinua macho. "Alikuwa amelewa, mwanangu?"

"Hapana, mama. Alikuwa anakwenda polisi kusema kweli. Alikufa hajagusa pombe."

Yule mama aliuweka ungo chini. Aliinuka kwa kushikilia magoti, akamshika Teodora mkono wake mzima, akamvuta akamtoa nje ya ua mpaka ukingoni mwa barabara, ambako wanawake wa kanisani walikuwa wanapita wamebeba Biblia zao. Akawazuia njia.

"Sema tena," alimwambia Teodora. "Sema kwa sauti."